Lita 148 zilizoganda: kisa cha fomula za malipo katika kituo cha maziwa mkoani Tanga

Mazingira

Kisa hiki kinahusu chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika mojawapo ya wilaya za mkoa wa Tanga. Jina la chama, mahali kilipo, namba za wafugaji, bei na idadi vimebadilishwa. Aina za makosa, mfuatano wake na hatua zilizochukuliwa zimeachwa kama zilivyokuwa.

Chama kina wafugaji 212, wengi wakiwa na ng'ombe mmoja hadi watatu wa kufugia bandani. Maziwa huletwa kituoni asubuhi na jioni. Karani wa zamu huyapima ubora kwa laktomita na alkoholi, hupima lita, huandika kwenye kadi ya mfugaji na kwenye daftari la mapokezi, kisha maziwa humiminwa kwenye tangi la kupozea. Lita za siku nzima huingizwa kwenye kompyuta jioni. Malipo ni mara mbili kwa mwezi: kipindi cha tarehe 1 hadi 15, na cha tarehe 16 hadi mwisho wa mwezi.

Watu wanne waligusa faili moja la Excel: makarani wawili wa mapokezi, muuzaji wa duka la pembejeo ambaye huandika madeni ya pumba, mashudu na dawa, na mhasibu. Katibu wa chama alisaini orodha ya malipo baada ya kuchapishwa. Hakuna kati yao aliyekuwa mzembe, na hakuna aliyekuwa na nia ya wizi. Hilo lilithibitishwa mapema, na ndilo linalofanya kisa hiki kifae kusomwa na wengi.

Faili lilikuwa na karatasi nne zenye uzito. MAKUSANYO ilikuwa na mstari mmoja kwa kila mfugaji na safu 32 za kuingizia lita, yaani asubuhi na jioni kwa siku 16. BEI ilikuwa na bei ya lita katika seli moja. MALIPO ilijumlisha lita, ikazidisha kwa bei, ikatoa makato. MUHTASARI ilionyesha jumla za kituo kizima. Hakuna seli iliyokuwa imefungwa. Kila kipindi kipya kilianza kwa kufungua faili la kipindi kilichopita, kulihifadhi kwa jina jipya, kisha kufuta lita za zamani na kuanza upya.

Yaliyotokea

Katika kipindi kimoja, maziwa ya jioni ya mfugaji namba 087 yaliandikwa kwa makosa kwenye mstari wa jirani yake. Kosa liligunduliwa siku ya kuandaa malipo. Karani alikuwa na haraka, na hakukuwa na mahali popote pa kuandikia marekebisho. Akaenda kwenye MALIPO, safu ya jumla ya lita, akaandika 148 juu ya fomula. Kwa kipindi kile, 148 ilikuwa sahihi kabisa. Mfugaji huyo, mama mmoja, akalipwa haki yake.

Kipindi kilichofuata faili likanakiliwa kama kawaida na lita za MAKUSANYO zikafutwa. Ile 148 haikufutwa, kwa sababu ilikaa kwenye safu ambayo kila mtu aliamini kuwa ni ya fomula. Mfugaji akaleta lita 203.5. Kwa bei ya Sh 900 alistahili Sh 183,150 kabla ya makato. Hesabu ikampa Sh 133,200. Pungufu ni Sh 49,950.

Alifika ofisini na kadi yake mkononi.

"Shikamoo mama," mhasibu alimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Kadi yangu ina lita mia mbili na tatu na nusu. Fedha mliyonitumia ni ya lita mia na arobaini na nane. Hebu nihesabieni tena."

Mhasibu alibofya seli ya jumla, akatazama sehemu ya fomula juu ya karatasi, akakuta namba tupu. Hapo akafanya jambo la busara: hakurekebisha seli ile moja na kuendelea na kazi. Aliteua safu nzima ya jumla, akabonyeza F5, akachagua Special, kisha Constants. Amri hiyo huchagua seli zote zilizoandikwa kwa mkono na kuziacha zile zenye fomula. Akarudia kwenye kila safu ya MALIPO iliyopaswa kuwa na fomula pekee. Zikapatikana seli 13: tisa kwenye jumla ya lita, tatu kwenye malipo ya mwisho, na moja kwenye bei.

Katika zile tisa za lita, wafugaji watano walikuwa wamepunjwa jumla ya lita 146, na wanne walikuwa wamezidishiwa lita 107. Kwa fedha, Sh 131,400 zilikuwa hazijalipwa na Sh 96,300 zilikuwa zimelipwa zaidi. Wanne waliozidishiwa hawakuja ofisini. Huenda hata hawakujua. Anayelalamika ni aliyepunjwa, kwa hiyo chama kinachosubiri malalamiko ili kijue makosa yake kitaona upande mmoja tu wa hasara.

Kwa nini MUHTASARI haikupiga kelele? Sababu ni mbili. Kwanza, jumla ya lita kwenye MUHTASARI ilisomwa kutoka MALIPO, yaani kutoka kwenye safu ileile iliyoharibika. Ilikuwa inajithibitisha yenyewe. Pili, makosa yalifutana. Ukitoa 107 kwenye 146 unabaki na lita 39, na kituo kilipokea zaidi ya lita 30,000 katika kipindi hicho. Chama kilikuwa na kawaida ya kukubali tofauti ya asilimia 1 kati ya lita zilizopokelewa na zilizopelekwa kiwandani, kwa ajili ya kumwagika na vipimo. Lita 39 zilipita humo bila kuonekana.

Uamuzi wa kwanza: kufunga kila kitu

Katibu aliagiza faili lifungwe siku hiyohiyo. Mhasibu alifungua MALIPO na MAKUSANYO, akaingia Review, akabonyeza Protect Sheet, akaweka nenosiri, akahifadhi.

Jioni karani alipotaka kuingiza lita, Excel ilimwambia seli imefungwa. Kila seli ya Excel huzaliwa ikiwa na alama ya Locked. Alama hiyo haina nguvu yoyote mpaka karatasi iwekewe Protect Sheet. Ikishawekwa, seli zote hufungwa kwa pamoja, za fomula na za kuandikia. Anayetaka watu waendelee kufanya kazi lazima aondoe alama hiyo kwenye seli za kuandikia kabla ya kufunga karatasi. Hatua hiyo ilirukwa.

Maziwa hayasubiri. Karani alipiga simu, akapewa nenosiri, akafungua karatasi, akaingiza lita. Kesho yake karani wa pili akapewa pia. Siku ya tatu nenosiri lilikuwa limeandikwa kwenye kipande cha karatasi ukutani karibu na tangi. Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kulifunga tena faili.

Muuzaji wa duka la pembejeo, ambaye hakupewa nenosiri, alipata njia yake. Aliteua karatasi yote ya MALIPO, akanakili, akabandika kwenye faili jipya. Ulinzi wa karatasi haufuati seli zilizobandikwa kwingine, kwa hiyo faili lake lilikuwa wazi. Tena fomula zilizobandikwa ziliendelea kusoma MAKUSANYO ya faili la zamani, kwa kiungo kilichojitengeneza chenye jina la faili lile ndani yake. Alilituma kwa WhatsApp kwa mhasibu. Kwa siku mbili chama kilikuwa na mafaili mawili ya malipo yenye madeni tofauti, na moja lilitegemea lingine.

Uamuzi wa pili: kuuliza kwa nini fomula zilifutwa

Kabla ya kugusa kufuli tena, mhasibu aliandika zile seli 13 kwenye karatasi ya kawaida na kuwauliza wahusika kila moja ilitokana na nini. Hii ndiyo hatua iliyookoa kazi yote.

Seli tisa za lita zilikuwa marekebisho halali: maziwa yaliyoandikwa kwenye mstari usio wake, au lita zilizosomwa vibaya kutoka daftarini. Seli tatu za malipo ya mwisho zilitokana na wafugaji waliochukua fedha taslimu mapema kwa dharura, na faili halikuwa na safu ya malipo ya awali. Seli moja ya bei ilihusu maziwa yaliyopokelewa siku ya mwisho ya bei ya zamani, yakaingizwa siku ya kwanza ya bei mpya.

Yote ni mambo yanayotokea katika kituo chochote cha maziwa. Faili lilikuwa halina mahali pa kuyaweka, na mtu mwenye shida ya kweli akikosa mahali huandika palipo karibu. Ukifunga fomula bila kumpa mahali pengine, atatafuta nenosiri au atatengeneza faili lake. Chama kiliyaona yote mawili ndani ya wiki moja.

Ikaamuliwa kwamba faili lijengwe upya kwa utaratibu huu: kwanza nafasi za marekebisho, kisha kufuli, kisha vipimo vya kugundua kufuli ikivunjwa.

Ujenzi wa faili jipya

MALIPO ilipangwa hivi. Safu A ni namba ya mfugaji, B jina, C lita zilizopokelewa, D marekebisho ya lita yanayoweza kuwa chanya au hasi, E sababu na jina la aliyeidhinisha, F lita za malipo, G bei, H thamani. Kisha zikafuata safu za makato, ikiwemo safu mpya ya malipo ya awali na nyingine ya marekebisho ya fedha. Mistari ilianzia wa 5 hadi wa 304, yaani nafasi 300 kwa wafugaji 212. Nafasi za ziada ziliwekwa makusudi: kwenye karatasi iliyofungwa, kuingiza mstari mpya hukataliwa usiporuhusu, na ukiruhusu, mstari mpya huja bila fomula ndani yake. Ni salama zaidi kuandaa mistari mitupu yenye fomula tangu mwanzo.

Fomula ya C haikusoma tena mstari ulio sambamba kwenye MAKUSANYO. Ilitafuta kwa namba ya mfugaji:

=SUMIF(MAKUSANYO!$A$5:$A$304,A5,MAKUSANYO!$AJ$5:$AJ$304)

Safu AJ kwenye MAKUSANYO ni jumla ya D hadi AI, zile safu 32 za lita. Kwa njia hii, mpangilio wa wafugaji ukitofautiana kati ya karatasi mbili, kila mmoja bado anapata lita zake.

Kwenye kufunga, zipo njia mbili. Unaweza kuondoa Locked kwenye karatasi nzima kisha ukairudisha kwenye seli za fomula peke yake, kwa F5, Special, Formulas. Au unaacha yote yamefungwa na kufungua za kuandikia tu. Chama kilichukua ya pili, na ni bora kwa faili la malipo, kwa sababu namba za wafugaji, majina na vichwa vya safu navyo vinahitaji ulinzi ingawa si fomula. Seli za kuandikia ziliteuliwa, ikabonyezwa Ctrl+1, ukurasa wa Protection, alama ya Locked ikaondolewa. Zikapakwa njano hafifu ili karani ajue kwa macho mahali pake.

Kila seli ya lita iliwekewa Data Validation, yaani kanuni ya nini kikubaliwe kuandikwa: Decimal, kati ya 0 na 60, aina ya onyo ikiwa Stop, na ujumbe wa Kiswahili, "Andika nambari tu, mfano 12.5. Usiandike lt." Sababu yake ni kwamba mtu akiandika 12.5 lt, Excel huichukua kama maandishi, SUM huiruka bila kusema neno, na mfugaji hupoteza lita zake kimyakimya. Kikomo cha 60 kilitokana na kiwango cha juu cha mfugaji mkubwa wa chama kwa zamu moja. Kituo kingine kitaweka chake.

Kisha Protect Sheet. Kwenye MAKUSANYO iliachwa alama moja tu, Select unlocked cells. Faida yake ni kwamba kitufe cha Tab humrusha karani kutoka seli ya njano hadi nyingine bila kupita kwenye seli zilizofungwa. Kwenye MALIPO iliongezwa Select locked cells, ili mjumbe wa bodi au mkaguzi aweze kubofya seli na kuisoma fomula. Palikuwa na pendekezo la kuweka pia alama ya Hidden, ambayo huficha fomula yenyewe. Lilikataliwa, na lilistahili kukataliwa: hesabu za ushirika ni za wanachama, na fomula isiyoonekana haikaguliki.

Karatasi zilifungwa moja baada ya nyingine. Ukiteua karatasi kadhaa kwa pamoja, kitufe cha Protect Sheet hufifia na kukataa kubonyezwa. Baada ya hapo ikawekwa Protect Workbook kwa Structure, ili karatasi isifutwe, isibadilishwe jina wala kufichwa.

Kwa muuzaji wa duka ilitumika Allow Edit Ranges, iliyo palepale kwenye Review. Karatasi ikiwa bado wazi, unabonyeza New, unataja eneo la safu za madeni ya duka, unaliwekea nenosiri lake, ndipo unafunga karatasi. Seli hizo hubaki na alama ya Locked. Anayejaribu kuandika huulizwa nenosiri mara ya kwanza, kisha huendelea mpaka afunge faili. Hivyo muuzaji aliandika madeni yake bila kupewa uwezo wa kufungua karatasi, na makarani hawakuweza kugusa madeni ya duka.

Nenosiri la karatasi lilibaki kwa mhasibu, na nakala ikawekwa kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya kasha la chama. Excel hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na nenosiri likisahaulika Microsoft haiwezi kukurudishia. Bahasha hiyo ni sehemu ya mfumo kama zilivyo fomula.

Hatua ya mwisho ya ujenzi haikuwa kufuli. Faili tupu lililofungwa lilihifadhiwa kwa Save As, aina ya Excel Template, lenye mwisho wa .xltx. Ukilibofya mara mbili, Excel hufungua nakala mpya isiyo na jina lake halisi, na lile la msingi hubaki salama. Kuanzia hapo ilikatazwa kuanza kipindi kipya kwa kunakili faili la zamani. Hata kama fomula fulani ingefutwa katika kipindi kimoja, isingefika kipindi kinachofuata.

Vipimo kwenye MUHTASARI

Seli nne ziliwekwa juu kabisa, zikiwa kijani zinapokuwa sawa na nyekundu zinapokosea.

Ya kwanza ilihesabu fomula zilizobaki hai kwenye F:

=SUMPRODUCT(--ISFORMULA(MALIPO!F5:F304))

Jibu lazima liwe 300. Safu nyingine za fomula zilipewa kipimo cha namna hiyohiyo. Ya pili ililinganisha lita kutoka kwenye chanzo:

=ROUND(SUM(MAKUSANYO!D5:AI304)+SUM(MALIPO!D5:D304)-SUM(MALIPO!F5:F304),2)

Hii lazima iwe 0, na ndiyo ingeikamata ile 148. Ya tatu ilitafuta maandishi kati ya nambari:

=COUNTA(MAKUSANYO!D5:AI304)-COUNT(MAKUSANYO!D5:AI304)

Nayo iwe 0. Ya nne ililinganisha jumla ya kituo na lita za hati ya mapokezi kutoka kiwandani, zilizoingizwa na mhasibu mwenyewe badala ya karani.

Tatizo moja lilijitokeza hapa. ISFORMULA ilianza na Excel 2013, na kompyuta ya mapokezi ilikuwa na Excel 2010, ambako ilionyesha #NAME?, alama ya kosa kwamba Excel haitambui jina hilo. Badala ya kuibadilisha, chama kiliamua vipimo visomwe kwenye kompyuta ya mhasibu pekee. Karani akaambiwa apuuze seli hizo. Ni suluhisho linalofanya kazi, ingawa kumzoesha mtu kupuuza alama ya kosa si jambo la kudumu nalo.

Majaribio ya kuliharibu

Makarani wote wawili walipewa nakala na mchana mzima wa kujaribu kuliharibu kwa njia yoyote isipokuwa nenosiri. Walipata mambo matatu, na lile la kwanza lingewagharimu sana.

Karani aliandika marekebisho kwenye mstari wa 40, akaona alikusudia wa 41, akakata kwa Ctrl+X na kubandika chini yake. Seli zote mbili ni za njano, kwa hiyo Excel iliruhusu. Lakini F41 iliyofungwa ikageuka #REF!, alama ya kosa kwamba seli iliyosomwa haipo tena, na F40 iliyofungwa ikaanza kusoma D41. Kufuli huzuia mkono kuandika ndani ya fomula. Haiizuii Excel yenyewe kuisogeza rejea ya fomula pale seli inayosomwa inapohamishwa. Fomula ya F ilikuwa =C40+D40. Ikabadilishwa kuwa:

=C40+INDEX($D:$D,ROW())

Hii husoma safu D nzima na kuchukua kilicho kwenye mstari wake yenyewe, kwa hiyo kukata na kubandika hakuisogezi popote. Safu za makato zinazoandikwa kwa mkono zilirekebishwa vivyo hivyo.

La pili lilikuwa kubandika. Karani alinakili lita kutoka faili lingine na kubonyeza Ctrl+V. Seli zilizobandikwa zilikuja na alama yao ya Locked, na papo hapo zikafungwa: karani hakuweza kusahihisha alichokibandika mwenyewe. Pia Data Validation ya seli hizo ikapotea, na hata kabla haijapotea huwa haikagui kilichobandikwa. Kanuni ikawa kubandika thamani tu: Ctrl+Alt+V, kisha V, kisha Enter. Kipimo cha tatu kwenye MUHTASARI kilipewa kazi ya kukamata wanaosahau, kwa upande wa maandishi angalau.

La tatu ni dogo. Kichujio hakikufanya kazi, kwa sababu lazima kiwashwe kabla ya kufunga karatasi, na alama ya Use AutoFilter iwekwe wakati wa kufunga. Kupanga majina kwa alfabeti hakukuwezekana hata alama ya Sort ilipowekwa, kwa kuwa Excel hukataa kupanga eneo lenye seli zilizofungwa. Kwenye MALIPO, makarani walizoea kumtafuta mfugaji kwa Ctrl+F.

Matokeo

Katika vipindi vitatu vya malipo vilivyofuatiliwa, hakuna fomula iliyofutwa. Safu ya marekebisho ilitumika kila kipindi, kila mara ikiwa na sababu na jina. Katika kipindi cha pili kipimo cha tatu kilionyesha 1: karani alikuwa amebandika lita yenye herufi O badala ya sifuri, ikasahihishwa kabla ya malipo.

Wafugaji watano waliopunjwa walilipwa Sh 131,400 katika malipo yaliyofuata. Kuhusu wanne waliozidishiwa, bodi iliamua kuwaeleza ana kwa ana, kisha kukata kidogokidogo kwa vipindi vinne kupitia safu ya marekebisho ya fedha. Ni uamuzi wa haki. Kosa lilikuwa la ofisi, na kukata yote kwa mara moja kungewabebesha wao.

Bei ilibadilika mhasibu akiwa mgonjwa. Bahasha ilifunguliwa mbele ya katibu na mwenyekiti, bei ikawekwa, karatasi ikafungwa, na aliporudi mhasibu alibadilisha nenosiri na kuweka bahasha mpya.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa kulinganisha, ni faili la msingi la .xltx na safu ya marekebisho. Kosa lililoanzisha kisa hiki lilihitaji mambo mawili kukutana: mtu kuandika juu ya fomula, na faili lililoharibika kunakiliwa. Safu D iliondoa sababu ya la kwanza, na .xltx ikakata la pili. Protect Sheet ilikuja kuzuia bahati mbaya zilizobaki, kama kidole kilichoteleza au kitufe cha Delete kwenye seli isiyo yake. Mpangilio huo wa umuhimu ni kinyume cha ule ambao ofisi nyingi huanza nao.

Kilichoshindwa katika uamuzi wa kwanza ni kufunga kazi pamoja na fomula. Nenosiri lililobandikwa ukutani lilikuwa jibu la kawaida la watu wenye maziwa mlangoni. Kumlaumu karani kungeficha ukweli huo.

Vipimo vya MUHTASARI vina udhaifu mmoja. ISFORMULA hujua kama kuna fomula. Haijui kama ni fomula sahihi. Mtu mwenye nenosiri akiandika =C40+20, hesabu itabaki 300. Kipimo cha pili ndicho kitakachoona tofauti. Kwa hiyo vipimo hivyo viwili visitenganishwe, na mhasibu anayevisoma asiwe yeye pekee mwenye uwezo wa kubadilisha fomula. Katika chama hiki bado ni mtu mmoja. Bodi imeombwa kumpa mjumbe mmoja kazi ya kusoma MUHTASARI kabla ya kila malipo.

Jambo lingine halikutatuliwa kabisa. Ulinzi wa karatasi si siri. Faili la .xlsx ni furushi la mafaili madogo ya XML, na agizo la kufunga karatasi limeandikwa humo. Mwenye ujuzi kidogo anaweza kuliondoa bila nenosiri. Kwa kuzuia makosa, ulinzi huu unatosha. Kwa kuzuia macho, hautoshi hata kidogo, na faili hili lina majina, namba za simu na madeni ya watu 212, taarifa ambazo ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mahali pake ni File, Info, Protect Workbook, Encrypt with Password, inayosimba faili zima na kudai nenosiri kabla ya kulifungua. Chama kilianza kuitumia kwa nakala zinazotoka ofisini. Nakala zilizokwisha kutumwa kwa WhatsApp kabla ya hapo ziliombwa zifutwe kwenye simu za waliozipokea, na hakuna njia ya kuhakiki kwamba zilifutwa zote.